Kamera Ilikuwa Juu

Théodore alikataa kiti. Bakiri akajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika, maana Mrundi yule, mwenye gari la abiria analoliendesha Bakiri, hakuwahi kukataa kiti wala chai ya tangawizi katika chumba chao cha mtaa wa Malvern, huku ugenini kusini. Leo alisimama kizingitini, kofia kichwani, simu ameinyoosha mbele kama askari anayedai kitambulisho.

"Soma, Bakiri."

"Kizungu changu unakijua, ni cha kumuuliza abiria kushoto au kulia. Mpe Shufaa."

Shufaa akajipangusa unga mikononi, akaipokea simu. Palikuwa na picha ya gari, namba zake zimekuzwa, na chini yake maneno ya kampuni inayosimamia eneo la kushushia abiria kwenye uwanja wa ndege. Kusimama pale ni bure kwa dakika kumi. Gari hili lilisimama karibu saa nzima. Mwenye gari alipe, na asipolipa kabla mwezi haujaisha, tozo inakuwa mara mbili na jina lake linapelekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

"Saa nzima!" Théodore akasema. "Mon frère, kwetu padri anafungisha ndoa na anakula na anaenda zake ndani ya saa moja. Mulikuwa munafanya nini pale?"

Bakiri akamtazama mkewe. Mkewe akatazama simu.

"Foleni," Shufaa akajibu.

"Foleni ya kushuka ndani ya gari?" Théodore akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikia. Sina ugomvi na nyinyi. Lakini jina ni langu. Niko naomba mkopo wa gari la pili. Wakinitia mule kwenye orodha yao, benki inanifungia mlango. Kwa hiyo ulipe, ao wafute, ao unirudishie ufunguo. Watu wanaotaka gari hili wako wengi, Bakiri, unawajua."

Bakiri aliwajua. Mmoja wao alimwamkia kila asubuhi kwa heshima iliyozidi, huku jicho liko kwenye matairi.

"Nipe siku chache, kaka Théo."

"Siku ni za Mungu. Mimi nina mwisho wa mwezi tu."

Alipoondoka, Shufaa alirudi kwenye unga wake. Aliukanda kwa ngumi, akaukanda tena, mpaka Bakiri akaona afadhali angemtukana.

Mtu akiuliza nani aliyeamua kwamba binadamu wanaagana kwa dakika kumi, hajibiwi. Yupo aliyekaa mahali penye kiyoyozi akakadiria: sanduku moja, kumbatio moja, kwaheri, ondoka. Mtu huyo hakuwahi kumsindikiza mama mkwe.

Siku hiyo walikuwa wakimpeleka Bi Zubeda, mama yake Shufaa, anayerudi Muheza baada ya kuja kuwaona. Bi Zubeda ana sukari, na sukari haina subira. Njiani polisi walikuwa wameweka kizuizi, wanauliza vibali gari kwa gari, na magari yakalala barabarani kama mamba. Bi Zubeda alikuwa nyuma pamoja na binti yake. Alibanwa. Lakini kwao mama hamwambii mkwewe kwamba amebanwa. Hata kikohozi hukimezea kwenye kanga. Kwa hiyo alimfinya Shufaa pajani, na Shufaa naye, mama akiwa pale pale, hakuweza kulitaja jambo kwa jina lake.

"Baba Naseeb," alisema, "simama hapo kwenye kituo cha mafuta ninunue maji."

Bakiri alikuwa amekwisha kuchelewa, kizuizi kimemla muda. "Maji yapo huko mbele, mke wangu. Ndege haitungoji." Akakanyaga mafuta.

Walipofika eneo la kushushia, alitoa sanduku, akafungua mlango wa nyuma kwa adabu, na Bi Zubeda hakushuka. Alikuwa ameinamisha uso. Harufu ikamfikia Bakiri kabla ya maneno.

"Nenda kasimame kule," Shufaa akamwambia kwa sauti ndogo. "Usigeuke."

Hakugeuka. Aliligeuzia gari mgongo, akakaza macho kwenye ukuta wa kioo ambamo watu wengine walikuwa wakikokota mizigo yao mizuri. Nyuma yake alisikia sanduku likifunguliwa, kamba zake zikikatwa. Mlinzi mwenye kizibao cha kung'aa akaja, "Songa, baba, songa," na Bakiri akaweka mikono kifuani kama anayeswali, akamsihi kwa macho. Mlinzi akaandika namba, akaenda. Hata baada ya kubadilishwa nguo, Bi Zubeda alikaa ndani akilia, na ni nani angemwambia ashuke? Mkwe akimwambia mama mkwe ashuke garini, amemfukuza. Alishuka mwenyewe, kwa mlango wa upande wa pili, akaingia ndani bila kuaga. Bakiri aliuona mgongo wake tu.

Tangu siku ile, hawakulizungumza. Si mbele ya mtoto, si wawili peke yao. Ila Bi Zubeda kila akipiga simu kutoka Muheza aliuliza kwa binti yake jambo moja: "Yule mlinzi aliandika. Hamjapatwa na lolote?"

*

Rufaa ya kwanza waliituma kwa simu. Shufaa aliandika habari ya foleni na kizuizi cha polisi. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa, jambo ambalo ni dalili kwamba hakuna mtu aliyeisoma rufaa: foleni si sababu. Sababu zinazokubalika ni gari kuharibika, ugonjwa wa ghafla, au ulemavu. Mwenye mojawapo ya hizo afike ofisini mwenyewe, na uthibitisho.

Asubuhi yake Bakiri alimfuata mkewe mahali anapouzia vitumbua, Jules Street, mbele ya gereji. Mafundi walikuwa wamekwisha kunywa chai wakaondoka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Umesikia wanavyosema," akaanza. "Ugonjwa unakubalika."

"Nimesoma mimi, si kusikia."

"Basi si ugonjwa ule?"

Shufaa akageuza vitumbua, kimoja kimoja. "Baba Naseeb, nitakwambia mara moja. Mama yangu alipokuja hapa alifua nguo zako. Alikuwa akizianika ndani, unajua kwa nini? Ili majirani wasiseme mkwe wa Bi Zubeda anavaa viraka. Sasa wewe utakwenda kumwanika yeye?"

"Nani wa Muheza atasikia? Ni mzungu mmoja na kompyuta yake."

"Nitasikia mimi."

"Na gari likiondoka, utakula huko kusikia?"

Alijuta hapo hapo, lakini neno likishatoka ni kama yai. Shufaa akachukua kitumbua, akakifunga kwenye gazeti, akampa kama anavyompa mteja.

"Tulipe," akasema baadaye. "Nitauza hizi kanga na vyombo."

"Hata ukiuza na chumba, haitoshi. Nauli yake tuliikopa kikobani, umesahau? Tunakula mikopo ya watu."

Hakusahau. Fundi mmoja akapita akimwita kwa jina la maandazi ya huku, "Mama Vetkoek, kesho niwekee sita!" na Shufaa akamchekea, kwa sababu biashara haijui kuomboleza.

"Tutasema gari liligoma," akaamua. "Fundi huyu ataandika karatasi. Kizungu nitasema mimi. Wewe utanyamaza. Umenisikia? Niapie."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Wallahi, Shufaa. Sitamtaja mama."

*

Ofisi ya rufaa ilikuwa chini ya jengo la maegesho, chumba kisicho na dirisha ila la karani. Mstari ulianzia mlangoni: madereva wa kukodi, kijana mwenye suti, bibi mmoja na mwanawe aliye kwenye kiti cha magurudumu, ameletwa mzima mzima awe uthibitisho.

Mji huu una desturi ya kale ya kupanga watu mstari. Wanaume walipokuja kutoka Nyasa na Msumbiji na Tanganyika kuchimba dhahabu, walivuliwa nguo zote, baba na mwanawe mstari mmoja, daktari akapita na kalamu. Wazee waliorudi hawakuisimulia sehemu hiyo. Walisimulia treni, walisimulia blanketi na baiskeli. Siku hizi hakuna anayekuvua. Unaulizwa sababu tu, kwa upole, kisha unavua mwenyewe.

Msichana wa dirishani, kifuani ameandikwa Fiona, alikuwa mpole. Alimwita Shufaa mama, akamwita Bakiri baba. Shufaa alisimama wima katika baibui lake safi akaeleza kwa kizungu cha Jules Street kwamba gari liligoma, walikuwa wakihangaika nalo. Akapitisha karatasi ya fundi chini ya kioo, ina alama ya kidole cha grisi. Bakiri alisimama nyuma yake kidogo, mikono mbele, kama mtoto aliyeletwa shuleni.

Fiona akapiga vitufe. Akatazama kompyuta yake kwa muda.

"Mama," akasema, "boneti halikufunguliwa hata mara moja. Namwona baba amesimama mbali, ameligeuzia gari mgongo. Mtu aliyeharibikiwa na gari hulitazama."

Shufaa akakaza macho kwenye ile alama ya grisi.

"Nikiandika kwamba mmeleta maelezo ya uongo, rufaa inafungwa leo na hamwezi kuleta nyingine. Sitaki kuandika hivyo. Niambieni tu kilichotokea."

"Anasemaje?" Bakiri akanong'ona.

"Anasema twende nyumbani."

Lakini Bakiri alikuwa ameokota maneno mawili matatu, na uso wa msichana alikuwa ameusoma wote. Akamwona Théodore anapokea ufunguo. Akajiona yeye mwenyewe pale pembeni mwa Jules Street, alikosimama kutafuta kibarua kabla ya kupata gari, wanaume wakisukumana kila pikapu inaposimama, mwenye pikapu akishuka kuwashika mikono kupima misuli kabla ya kuchagua. Siku nyingi hakuchaguliwa. Alikuwa akirudi nyumbani jioni na kujifanya amechoka.

Akasogea mbele. Bega lake likampita la mkewe.

"Mama yangu," akasema kwa kizungu, na kizungu kikamkimbia. "Ndani ya gari. Mama... maji."

"Maji?" Fiona akauliza. "Injini ilikosa maji?"

Kijana mwenye suti akacheka puani. Bakiri akajaribu tena. Akaonyesha kwa mkono, kuanzia kiunoni kwenda chini, kisha akauona mkono wake unachofanya, akaurudisha haraka.

"Eh, grand, kaka," sauti ikatoka nyuma. Dereva wa Kikongo, mwembamba, kapelo kichwani. "Mi ni Cédric. Sema na Kiswahili tu, mi nitamuelezea. Usiogope."

"Baba Naseeb," Shufaa akasema. Hilo tu. Hakupaza sauti, hakumshika mkono. Kizungu chote kilichotakiwa pale alikuwa nacho mdomoni mwake, na mdomo alikuwa ameufunga.

Bakiri alimsikia. Hilo asije akalikana kamwe, akasema hakusikia.

"Mama mkwe wangu ana sukari," akamwambia yule mgeni, haraka, kama mtu anayetema mfupa. "Alijikojolea garini. Hakuweza kushuka mbele za watu mpaka abadilishwe nguo."

Cédric akavua kofia. Kwa kitambo kidogo alionekana naye anatafuta mlango wa kutokea. Kisha akatafsiri, na alitafsiri vizuri, kwa adabu, kwa maneno ya hospitali. Lakini chumba kilikuwa kidogo na kioo cha karani kinene, ikambidi arudie kwa sauti. Kicheko cha kijana mwenye suti kikakatika. Bibi mwenye mwana wa kiti cha magurudumu akasikitika kwa ulimi, "Nxa, nxa, gogo, bibi wa watu." Bakiri angelipokea kicheko mara kumi kuliko ile huruma.

"Eish, baba," Fiona akasema, na macho yalimlowa kweli. "Kwa nini hamkusema tangu mwanzo? Huo ni ugonjwa. Inafutwa. Ngoja tu nithibitishe, maana bosi wangu atauliza."

Akapiga vitufe. Akatazama. Kisha, kwa kuwa utaratibu ulitaka hivyo, akakigeuza kioo cha kompyuta kuelekea kwao.

"Hii ndiyo gari yenu? Huyu ni wewe?"

Picha haikuwa na sauti. Bakiri alijiona kando, mgongo umeligeukia gari, uso kwenye ukuta wa kioo. Alimwona Shufaa mlangoni mwa gari, mikono ameinua, ameitandaza kanga kama pazia, amejinyoosha mpaka kwenye ncha za vidole ili wapitao wasione kitu. Na kweli waliopita hawakuona. Lakini kamera ilikuwa juu. Kutoka huko juu kanga ilikuwa mstari tu, uzi, na nyuma ya uzi ule alikuwa Bi Zubeda, nusu ndani nusu nje, akihangaika na sketi iliyoganda, mapaja ya kizee wazi, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine unajaribu kujifunika usijue pa kuanzia.

Bakiri akageuza uso.

"Baba, lazima utazame," Fiona akamwambia taratibu. "Niandike kwamba umethibitisha. Ni yeye?"

Shufaa alikuwa anatazama sakafu. Bakiri akarudisha macho. Yale aliyokataa kuyaona siku ile, jua likiwaka, mlinzi akimfokea, sasa aliyatazama mpaka mwisho.

"Ni yeye," akasema.

Muhuri ukapigwa. Fiona aliwatakia siku njema na akamtumia bibi salamu za kupona.

Nje, Cédric aliwafuata mpaka kwenye ngazi. "Usijali, grand. Hii inabakia hapa hapa. Kazi ya kuendesha ni ya aibu yote, mi nimeona mengi. Munakaa wapi?"

"Malvern."

"Ah, Malvern!" Cédric akafurahi kabla hajafikiri. "Mi nasali Malvern kila Jumapili." Kisha akafikiri, akatazama viatu vyake. "Bon. Sharp, grand. Mungu abariki."

Bakiri alifungua mlango wa mbele. Shufaa akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi kama abiria aliyelipia safari. Kwenye kila robot, taa za barabarani, Bakiri alitazama kioo cha juu, na kila mara alikuta mkewe anaangalia dirishani. Walipofika, alishuka akasema, "Asante," kama abiria.

*

Théodore alituma ujumbe wa sauti, amechangamka: mkopo unaendelea, Bakiri ni mwanamume wa kweli, tena mjanja, amewashinda makampuni. Bakiri aliufuta kabla haujaisha.

Ijumaa, baada ya swala, simu ya Shufaa ikalia. Alikuwa anakuna nazi, mikono imejaa machicha, akabonyeza spika kwa kiwiko. Sauti ya Bi Zubeda ikajaa chumbani, na nyuma yake kuku wa Muheza.

"Shufaa mwanangu, mkwe wangu yupo?"

"Yupo, mama. Anakusikia."

Bakiri akasimama, ingawa hakuna aliyemwona. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nisikilizeni. Yule wa gari yenu, Théodore, majuzi alimpigia Burhani mdogo wangu, si ndiye dalali, kumuulizia habari za magari ya Dar, wakaongea, akataja kwamba mnadaiwa kule uwanjani. Mlinificha. Haya, siwalaumu. Nimemtoa mbuzi jike, Burhani amempeleka mnadani, pesa ipo. Kesho anaituma."

"Mama, hapana," Shufaa akasema. "Mrudishe mbuzi."

"Ameshauzwa, nitamrudishaje? Mimi sitaki mkwe wangu asimame mbele ya watu aanze kuulizwa habari zangu. Nimeyafikiria hayo usiku na mchana. Nikasema, akiulizwa, kijana wa watu atasema nini? Ataficha vipi? Afadhali mbuzi."

Bakiri akafungua kinywa. Shufaa akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu ofisini, na macho yale yakamfunga.

"Imekwisha, mama," Shufaa akasema. "Wameifuta wenyewe."

"Wenyewe? Hawakuuliza?"

"Hawakuuliza kitu. Walimwona Bakiri mtu mzima, wakamwacha."

Kisha ikasikika pumzi ndefu ya kizee, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Bakiri mwanangu."

"Naam, mama."

"Kuna wakwe, na kuna watoto wa kuzaa. Wewe nilikuzaa. Mungu akusitiri duniani na akhera kama ulivyonisitiri mimi."

Chumba kikangoja. Simu ikangoja.

"Itikia," Shufaa akamwambia, midomo tu, bila sauti.

"Amina, mama," Bakiri akasema.

Bi Zubeda akaaga kwa furaha, akasema pesa ya mbuzi wamnunulie Naseeb viatu. Simu ikakatika. Shufaa akarudisha nazi kwenye mbuzi ya kukunia, akakuna kidogo, akaacha.

"Nimemsitiri mama," akasema bila kugeuka. "Usije ukadhani nimekusitiri wewe."